Mwanamke wa Kibirizi anayemsemea Salome

Ni saa nane mchana, Jumamosi ya mwezi mpevu, na Winfrida Ruhwanya amesimama juu ya benchi akitundika blanketi la kijivu kwenye dirisha la mwisho. Nuru inakatika ndani ya banda la video. Inabaki mistari myembamba ya jua inayopenya kwenye matundu ya misumari katika mabati, pamoja na harufu ya dagaa ambayo hakuna blanketi linaloweza kuizuia.

Anashuka, anakijaribu kipaza sauti kwa kukohoa mara moja, kisha anautazama mlango. Mumewe, Thobias, ameketi pale juu ya kigoda, kopo la kiingilio likiwa mapajani.

"Wamekuja?" anauliza Winfrida.

"Wanaume wamekuja," anajibu Thobias.

Jibu hilo linatosha. Benchi za mbele, zilizotengenezwa kwa mbao za mitumbwi iliyokwisha kazi, ziko tupu. Hizo ni benchi za kina mama wanaoanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, ufuo wa kushushia samaki, na leo ndiyo siku itakayoonyesha kama watarudi au wamehama moja kwa moja.

Winfrida, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, ni mfasiri wa filamu. Kazi yake ni kusimama kando ya luninga, kuipunguza sauti ya filamu ya Kiingereza, na kuyasema kwa Kiswahili yote yanayosemwa na wahusika: mzee, mchumba, polisi, mchungaji, mtoto anayelia njaa. Sauti zote hizo hutoka katika koo moja. Jioni hunywa maji ya uvuguvugu yenye asali ya Kasulu na kuongea na watoto wake kwa ishara.

Mwenye kuijua Kigoma hahitaji kuelezwa kwa nini banda hili hujaa mwezi unapokuwa mkubwa. Dagaa huzifuata taa za wavuvi gizani. Mbalamwezi ikitanda ziwani, taa hazina kazi tena, mitumbwi huvutwa nchi kavu, na mchanga wa kuanikia hubaki mtupu. Ndipo kina mama hupata Jumamosi yao.

"Mwezi ndio mwenye banda," anasema Winfrida. "Sisi ni wapangaji wake."

Kiingilio ni shilingi mia tano, na Jumamosi za kina mama pekee huleta zaidi ya nusu ya pato la banda. Kwa pato hilo binti yake mkubwa, Agnesi, amefika kidato cha tatu. Kwa hiyo benchi tupu si jambo la kuchekea, ingawa katika banda hili karibu kila jambo huchekewa.

Si kila banda la video linastahili kuandikwa gazetini. Yapo yanayowafungulia wanafunzi milango saa za masomo, na yapo yanayoonyesha mambo ambayo mtu mwenye adabu hawezi kuyasimulia mbele ya mama yake. Kwa Winfrida, mwanafunzi aliyevaa sare hapiti, hata awe na noti mkononi. Matusi hayapiti pia. Mhusika akitukana, Winfrida husema, "Ametukana," kisha huendelea na kazi. Watazamaji wameizoea desturi hiyo, na wengine huitikia kwa pamoja, "Tumesikia!"

Msimamo huo hakuupata bandani. Winfrida alizaliwa Kasulu, akasomeshwa sekondari na masista, na alipomaliza alipata kazi ya ukalimani katika zahanati ya kambi moja ya wakimbizi. Wagonjwa walisema Kirundi, ambacho kwa Muha kama yeye si lugha ya kigeni sana, na madaktari walisema Kiingereza. Yeye alikaa katikati.

"Muuguzi mmoja mtu mzima, Sista Margareta, aliniketisha siku ya kwanza," anakumbuka. "Akaniambia, mgonjwa akisema tumbo linawaka moto, usimwambie daktari kwamba tumbo linauma. Mwambie moto. Usiongeze, usipunguze. Na mgonjwa akinyamaza, nawe nyamaza. Kunyamaza kwake ni mali yake."

Kazi hiyo ilikwisha zahanati ilipopunguza watu. Wakati huo alikuwa ameolewa na Thobias, mvuvi ambaye mgongo wake ulikuwa umeanza kumkatalia kuvuta nyavu. Thobias aliuza sehemu yake ya mtumbwi, akanunua luninga na spika, akajenga banda la mabati nyuma ya soko la samaki. Aliajiri kijana wa kutafsiri.

"Yule kijana alikuwa na kipaji, lakini kila filamu aliyotafsiri ilihusu watu wa mwaloni," anasema Thobias. "Mwizi katika filamu alipewa jina la mchuuzi fulani. Mlevi alipewa jina langu mimi mwenye banda. Siku aliyokosa kuja, mke wangu akashika maiki. Sikumwita tena yule kijana."

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Miaka mitano baada ya hapo akaja Salome.

Salome ni mwigizaji wa kike kutoka Afrika Magharibi, mwenye mwanya kati ya meno ya mbele na macho makubwa yanayojaa machozi bila kuharakisha kuyamwaga. Jina lake halisi limeandikwa kwenye kila filamu, lakini Kibirizi halina matumizi. Katika filamu ya kwanza iliyoonyeshwa hapa, alikuwa mjane kijana aitwaye Salome. Mama mkwe alimfukuza siku ya arobaini ya msiba, akamtupia godoro uani. Salome alilitia kichwani, godoro la mistari ya buluu na nyeupe, akaondoka nalo barabarani juani bila kusema neno. Inasemekana siku hiyo hata wachuuzi wa mawese, watu wasiojulikana kwa huruma, walitoka bandani macho mekundu.

Mwezi uliofuata Winfrida alileta filamu nyingine ya mwigizaji yuleyule, safari hii akiwa muuza vitambaa sokoni. Alipolitaja jina jipya la mhusika, benchi za mbele zilichafuka. Bibi Leonia Ntahondi, mwenyekiti wa kikundi cha waanika dagaa, alisimama.

"Mama Agnesi, huyu tunamjua," alisema. "Amefukuzwa juzi na godoro lake. Amefika mjini, ameanza biashara. Weye unatuletea jina jingine la nini?"

"Bibi, hii ni filamu nyingine."

"Filamu ni nyingine, mtu ni yuleyule! Kwani hatuna macho?"

Winfrida alijaribu kueleza. Hakusikilizwa. Baada ya robo saa ya kelele aliafikiana nao jambo moja, na mpaka leo hajavuka mpaka wa mapatano hayo. "Jina nimewaachia," anasema. "Maneno siwaachii."

Tangu hapo watu wa Kibirizi wamemfuata Salome kama jirani aliyehamia mbali. Alikuwa mjane, akawa mfanyabiashara, akatapeliwa na mchumba, akaendesha lori, akawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Kwa watengeneza filamu hao ni wanawake watano. Kwa Kibirizi ni maisha ya mtu mmoja, na kila tukio lina sababu yake katika filamu iliyotangulia. Alimwamini tapeli kwa kuwa alikuwa mpweke tangu afiwe na mume. Alijifunza kuendesha lori ili asipande tena gari la mwanamume.

Kila filamu ikiisha, hakuna anayetoka. Luninga huzimwa, blanketi moja hufunuliwa, na huanza kile wanachokiita kumshauri Salome. Anayetaka kusema hushika rimoti ya zamani isiyo na betri, husimama mbele ya kioo cheusi cha luninga, na humwambia Salome maoni yake uso kwa uso. Asiye na rimoti hunyamaza. Kanuni hiyo hufuatwa kuliko nyingi zilizobandikwa ukutani katika ofisi zetu.

Maoni yenyewe si ya kubembeleza. Hamdani, fundi wa injini za boti anayetoka Ujiji kila siku kwa baiskeli, bado hajaisamehe filamu ya lori. "Salome, dada yangu, lori hulijui," alimwambia. "Umekata kona mlimani huku unalia na kupangusa kamasi. Mkono mmoja! Lori la tani kumi! Mimi nilikuwa abiria wako humu bandani, nikashika benchi."

Mama mmoja alimlaumu kwa jinsi alivyombeba mtoto mchanga katika filamu ya muuza vitambaa. "Umemshika kama mtu aliyetoka kununua tikiti maji. Siku nyingine ukipewa mtoto, uliza."

Bibi Leonia kwa upande wake aliipenda daima filamu ya kwanza kuliko zote. Hakuificha sababu. Alikuwa mjane kijana yeye mwenyewe, na aliteremka kutoka milimani mpaka Kibirizi akiwa na mtoto mgongoni. "Hizo nyingine Salome anaigiza," alizoea kusema. "Ile moja alikuwa anasema kweli."

Mkwe wake Angelina, mke wa mwanawe Yona, huketi nyuma kabisa karibu na mlango. Salome ambaye Angelina alimwelewa zaidi ni yule mwalimu mkuu. "Kwa sababu alikuwa na ofisi yake," anasema, "na mtu akitaka kuingia anabisha hodi."

Mwezi uliopita ndipo mambo yalipoharibika.

Filamu mpya ilifika kwenye flashi kutoka Dar es Salaam. Mwigizaji ameongezeka umri, na safari hii amepewa nafasi ya mama mkwe. Winfrida aliitazama mara mbili nyumbani kabla ya kuionyesha, kama afanyavyo siku zote, na alijua ana mzigo mkononi. Salome huyu ni mkali. Humhesabia mke wa mwanawe, tena mjamzito, vipande vya nyama. Humwita mgeni katika nyumba anamolala. Filamu ilipofika nusu, akalikamata godoro la binti yule na kulitupa uani.

Winfrida akasema kwa sauti yake ya Salome, ileile ya miaka minne: "Chukua godoro lako utoke. Nyumba hii ni ya mwanangu."

Bibi Leonia alisimama. "Umekosea, Mama Agnesi. Hajasema hivyo."

"Amesema, Bibi."

"Hebu rudisha nyuma, usikilize vizuri."

Winfrida alirudisha nyuma, akasikiliza mbele ya watu wote, akasema maneno yaleyale.

"Basi sema vingine!" alifoka Bibi Leonia. "Sema anampa pesa ya nauli akawasalimie wazazi wake. Nani atajua? Kiingereza unakijua peke yako."

"Ndiyo maana siwezi, Bibi."

Bibi Leonia alijifunga kitenge kiunoni. Alitangaza kwamba Salome ameharibiwa jina, na kwamba mguu wake hautaingia tena ndani ya banda hilo mpaka Salome arudishiwe heshima yake. Akatoka. Kikundi chake chote kikatoka nyuma yake, benchi za mbele zikabaki na maganda ya karanga. Winfrida aliizima luninga.

Siku zilizofuata, ujumbe uliletwa mara kwa mara: abadilishe maneno, au kina mama watahamia kwa Nikodemu, mwenye banda la mpira kando ya barabara ya mjini, ambaye tayari alikuwa ameahidi kuwatafutia filamu zilizokwisha tafsiriwa. Hata Thobias, mtu asiyependa maneno mengi, alimshauri mkewe alegeze kidogo.

"Alinijibu kwa swali," anasimulia Thobias. "Akaniuliza, siku ile mgongo ulipokukamata, ungependa daktari aambiwe unaumwa wapi? Nikaenda kukagua spika."

Winfrida aliingojea mbalamwezi nyingine, kisha akatangaza sokoni kwamba Jumamosi ataionyesha filamu ileile tangu mwanzo, bila neno kubadilishwa. Ndiyo Jumamosi ya leo.

Saa iliyotangazwa inafika. Benchi za mbele bado tupu. Winfrida hangoji, anamwashiria Thobias, picha inatokea. Hamdani, kutoka safu ya tatu, anajaribu kuwa watazamaji wengi kwa wakati mmoja. Anacheka kwa sauti mahali pa kucheka, anaguna mahali pa kuguna. Haisaidii. Banda lenye wanaume peke yao lina ukimya wa mahali pa kungojea kinyozi.

Salome anaanza kumhesabia mkwe vipande vya nyama. Winfrida anasema, "Viwili vimekwenda wapi?" Na hapo unasikika mguno, lakini hautoki kwenye benchi yoyote.

Hamdani anageuka. Anasogea ukutani, anaweka jicho kwenye tundu la msumari, kisha anarudi akiwa ameziba mdomo kwa kofia yake.

"Mama Agnesi," ananong'ona kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia, "ukuta una vitenge."

Kumbe kina mama wapo. Wameketi nje, upande wa kivuli unaotazama ziwa, juu ya ndoo zilizopinduliwa, kikundi kizima, migongo ikiegemea mabati. Waliapa kwamba miguu yao haitaingia. Hawakuapa kuhusu masikio, na spika ya Thobias ni nzuri.

Winfrida hacheki. Anaendelea na kazi yake kwa kiasi kilekile cha sauti, wala hapunguzi ili kuwakomoa. Godoro linatupwa. "Chukua godoro lako utoke. Nyumba hii ni ya mwanangu." Nje kunapita mguno mrefu, kama wa mtumbwi unaovutwa juu ya changarawe.

Sehemu hii ndiyo hawakuiona mwezi uliopita.

Binti anaondoka mikono mitupu, godoro analiacha. Mwanamume wa nyumba yuko safarini. Salome anabaki peke yake. Tangu hapo, kwa muda mrefu, hakuna anayesema neno katika filamu. Winfrida anashusha kipaza sauti.

Ndani ya banda kila mtu anatazama. Nje hawana cha kutazama. Dakika moja inapita kimya, kisha sauti ya Bibi Leonia inapenya mabati.

"Kunani humo? Umeme umekatika?"

"Oya, Shangazi, upo!" anajibu Hamdani.

"Mbona Mama Agnesi hasemi?"

"Hakuna anayesema!"

"Basi Salome anafanya nini?"

Hamdani anafungua kinywa. Winfrida anamnyooshea kidole kimoja, na fundi mtu mzima anakifunga kinywa chake kama mwanafunzi. Nje ndoo zinakwaruza chini. Watu wanasimama, wananong'ona, wanagombea matundu ya misumari.

Thobias, mlangoni, anasema bila kugeuza shingo, "Kuona ni mia tano, Bibi."

Mlango unafunikwa na kivuli kipana. "Nimesimama kizingitini tu," anatangaza Bibi Leonia. "Sijaingia." Lakini nyuma yake wapo wengine nao wana macho, na kwa jinsi wanavyosukumana, kizingiti kinampita yeye badala ya yeye kukipita. Anajikuta ndani. Kopo la Thobias linalia mfululizo.

Wanachokiona ni hiki. Salome yuko uani. Godoro liko palepale lilipoangukia. Ameinama, anataka kulirudisha ndani kabla majirani hawajaona, lakini mikono haitoshi kulikumbatia. Analivuta, linakwama. Mwisho analiinua na kulitia kichwani, kisha anasimama nalo katikati ya uwanja. Haendi ndani. Haendi nje. Jua linampiga, na macho yake makubwa yanajaa.

Godoro ni la mistari ya buluu na nyeupe.

"Jamani," inasikika sauti ya Angelina kutoka nyuma. "Ni lilelile."

Hakuna anayemnyamazisha. Bibi Leonia anapapasa benchi ya mbele kwa mkono, kama mtu aliyeingia gizani, na anaketi.

Filamu inaisha bila harusi wala ngoma. Salome yuko kituo cha mabasi, anawauliza watu kama wamemwona binti mwenye mimba. Luninga inazimwa, blanketi linafunuliwa, rimoti inatolewa kwenye msumari wake.

Hamdani anaichukua wa kwanza. "Salome, mimi leo sina lawama," anasema. "Isipokuwa ungeniita, ningekusaidia kubeba. Una jamaa Ujiji, unajisahau nini?" Watu wanacheka, na kicheko hicho kinawalegeza waliokuwa wamekaza mabega.

Kisha Bibi Leonia ananyoosha mkono. Anasimama mbele ya kioo cheusi, akiishika rimoti kwa mikono miwili.

"Salome, mwanangu. Nilikukasirikia. Nikamkasirikia na huyu anayekusemea, nikasema amekuharibu. Kumbe uliharibiwa zamani, siku ile ya kwanza, na sisi tulikuwepo. Tulikupigia makofi. Tukasema, mwone alivyovumilia. Hakuna aliyekuuliza yale uliyoyavumilia umeyaweka wapi. Uliyaweka ndani ya lile godoro. Umelibeba mjini, umelibeba kwenye lori, mpaka ukapata nyumba yako, ukamtupia mtoto wa watu."

Bibi Leonia hageuki kuwatazama watu. Bado anasema na luninga.

"Na mimi nina mkwe. Yupo kule mlangoni, anadhani simwoni. Tangu aolewe nimemweka aanike dagaa zake mwisho wa ufuo, penye mawe na mbuzi, kwa sababu na mimi nilipoolewa niliwekwa penye mawe na mbuzi. Sasa, Salome, mwambie. Giza likirudi na mitumbwi ikianza kutoka, aje aanike penye mchanga, karibu na mimi."

Ni hapo tu anapogeuka. "Angelina. Umesikia alivyosema Salome?"

"Ego, Mama, nimesikia," anajibu Angelina. Anafuta macho kwa kiganja, lakini kinywa chake hakijalegea. "Nitakuja. Ila ile redio yako uipunguze, maana hata kule penye mbuzi huwa naisikia."

Banda linalipuka kwa vicheko, na Bibi Leonia mwenyewe anachapa paja lake kwa rimoti.

Watu wanapotawanyika, Winfrida anakunja mablanketi. Anafahamu vyema kwamba filamu ya kwanza na hii ya leo zilitengenezwa na watu wasiojuana, miaka mingi ikiwa katikati, na kwamba magodoro ya mistari huuzwa kila soko kuanzia Lagos mpaka Kigoma. Mbona hakuwaambia?

"Hawakuniuliza," anasema. Sauti yake imekwisha, inatoka kama karatasi inayokunjwa. "Na filamu haikusema. Mimi husema linalosemwa."

Anakunywa asali yake. Kisha anaeleza mpango alio nao, ambao hajamwambia mtu mwingine isipokuwa mumewe. Siku za soko huteremka wanawake wazee kutoka vijiji vya milimani kuja kuuza maharage na mihogo. Hupita bandani, husikia vicheko, huchungulia, huondoka, kwa kuwa Kiswahili cha haraka kinawapita. Winfrida anataka kuanzisha siku yao, filamu isemwe kwa Kiha kitupu, na koo lake haliwezi kubeba siku mbili. Ametafuta mtu. Anayemtaka amemaliza kidato cha nne, anakijua Kiha cha milimani, na ana masikio yanayosikia hata redio ya mbali.

Jumanne, mwezi ukiwa bado mkubwa, banda halina watazamaji. Angelina amesimama kando ya luninga, kipaza sauti mkononi, mabega juu kwa woga. Winfrida amemchagulia somo la kwanza: sehemu ya uani. Binti anaondoka mikono mitupu. Salome anabaki peke yake na godoro. Midomo ya Angelina inatetemeka kwa mambo mengi anayoweza kuyasema, naye anaikaza.

Bibi Leonia ameketi kwenye benchi ya mbele, peke yake, akiwa amekwisha kulipa kiingilio chake ingawa Thobias alikikataa. Anangoja. Anamtazama Salome, anamtazama mkwe wake, anangoja tena.

"Angelina," anasema mwishowe. "Mbona husemi?"

"Kwa sababu naye hajasema, Mama."

Bibi Leonia anaitikia kwa kichwa polepole, anasogea kidogo kwenye benchi kana kwamba kuna mtu wa kumpisha, na anaendelea kutazama.